Muswada Uliozuiwa Bila Kura: Kisa cha SB 50 katika Bunge la California

Tarehe 16 Mei 2019, mjini Sacramento, Kamati ya Matumizi ya Fedha ya Seneti ya California ilikaa kupitia miswada kwa mamia. Mwenyekiti, Seneta Anthony Portantino, alikuwa akisoma namba ya muswada, anataja hatima yake, anahamia unaofuata. Hakuitwa shahidi. Hakukuwa na mjadala. Ilipofika zamu ya SB 50 (SB ni kifupi cha Senate Bill, muswada ulioanzia Seneti), muswada wa makazi uliozungumzwa kuliko mwingine wowote mwaka ule, ikatangazwa kwamba umesogezwa mpaka mwaka unaofuata. Ikawa imetoka hiyo, na hakuna seneta hata mmoja aliyelazimika kuupigia kura ya hapana.

Sisi tunaofuatilia siasa za Marekani kutoka mbali huangalia zaidi Washington. Lakini nani ajenge nini na wapi, mpangaji alindwe vipi, shule zigharamiwe vipi, hayo kwa sehemu kubwa huamuliwa kwenye mabunge ya majimbo 50. Na huko, ukiangalia ukumbi mkuu peke yake, unaona mwisho wa mambo tu. Nimekichagua kisa cha SB 50 kwa sababu kinaonyesha vitu viwili ambavyo habari za magazeti huvipita haraka: kamati ina nguvu kubwa kuliko zote pale inaponyamaza, na makundi ya maslahi hupata mengi zaidi kwa kuandika masharti ndani ya muswada kuliko kwa kuuangusha.

Tuanze na shida yenyewe. California ina uhaba wa nyumba wa miongo mingi. Kufikia 2018 bei ya kati ya nyumba ya familia moja jimboni ilikuwa imevuka dola 600,000. Sababu moja kubwa ni sheria za mipango miji. Katika jiji la Los Angeles, kama robo tatu ya ardhi ya makazi ilitengwa kwa nyumba za familia moja. Kujenga jengo la ghorofa hapo ilikuwa marufuku, hata kama kituo cha treni kiko hatua chache. Mamlaka ya kupanga ardhi yako kwa miji, na madiwani wa miji huchaguliwa na watu ambao tayari wana nyumba pale. Seneta Scott Wiener wa San Francisco alitaka jimbo liingilie kati: karibu na vituo vya treni na njia za mabasi ya mara kwa mara, mji usiweze kukataza majengo ya ghorofa kadhaa.

Jaribio lake la kwanza, SB 827, aliliwasilisha Januari 2018. Lilifia kwenye kamati yake ya kwanza, ile ya Uchukuzi na Makazi, tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, kwa kura 4 za ndiyo na 6 za hapana. Lililonishangaza nilipoisoma orodha ya waliopinga ni mchanganyiko wake. Miji ilipinga, hilo lilitarajiwa. Lakini shirika kubwa la mazingira, Sierra Club California, nalo lilipinga, na vyama vya wapangaji wa Los Angeles, na baraza la vyama vya mafundi ujenzi la jimbo. Unaweza kujiuliza fundi anapinga vipi ujenzi. Jibu ni kwamba mradi unapohitaji idhini ya mji, chama cha mafundi kinapata pa kusimama: kinaweza kudai mkataba wa ajira kabla idhini haijatoka. Ukiondoa idhini, umewaondolea silaha yao ya majadiliano. Hilo halikuwa kosa la kimantiki upande wao. Walikuwa wanalinda walichonacho.

Wiener alijifunza. SB 50 ilipowasilishwa Desemba 2018, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika nje ya ukumbi. Mafundi ujenzi safari hii walikuwa upande wake. Waliokuwemo pia ni chama cha madalali wa nyumba, chemba ya biashara ya jimbo, tawi la California la AARP, ambalo ni shirika la watu wa umri wa miaka 50 na kuendelea, na California YIMBY, kundi la vijana wa mijini wanaotaka nyumba zijengwe kwa wingi. Ndani ya muswada kuliongezwa ulinzi: kiwanja ambacho mpangaji amekaa katika miaka 7 iliyopita hakiguswi, na mitaa ya kipato cha chini iliyo hatarini kuhamishwa ipewe miaka kadhaa ya kujipanga yenyewe. Kila kifungu cha namna hiyo kilikuwa na mtu au kundi lililokiomba.

Inafaa hapa kueleza kamati inavyoendeshwa, maana ndipo mchezo ulipo. Kabla ya kikao, watumishi wa kamati huandaa uchambuzi wa muswada, na mwishoni mwake kuna orodha ya wanaounga mkono na wanaopinga kwa majina ya taasisi zao. Ndiyo maana barua huletwa kwa wingi siku za mwisho. Kikao kikianza, mwenye muswada anauwasilisha, kisha mashahidi wakuu wachache wa kila upande wanapewa dakika chache za kujieleza. Baada yao ndiyo linakuja jambo ambalo mtu akiliona mara ya kwanza anashangaa: mstari mrefu wa watu unajipanga kuelekea kipaza sauti, unapita kando ya viti mpaka mlangoni. Kila mmoja akifika anasema jina lake, taasisi anayoiwakilisha, na kama anaunga mkono au anapinga. Hayo tu. Akianza kutoa sababu, mwenyekiti anamkatiza. Mama aliyepanda basi saa nzima kuja kusema kwamba kodi ya nyumba imemshinda anapewa sekunde zilezile anazopewa mshawishi wa kulipwa, ila mshawishi yule wiki iliyopita alikaa na msaidizi wa seneta kwenye ofisi yake, na kesho atakuwa hapo tena.

Siwadharau washawishi hao. Sheria ya California inawataka wajiandikishe na kutoa taarifa ya fedha kila robo mwaka, na zawadi kutoka kwao kwa mbunge haziruhusiwi kuzidi dola 10 kwa mwezi. Nguvu yao halisi ni kumbukumbu. Tangu wapiga kura walipopitisha kikomo kipya mwaka 2012, mbunge wa California anaruhusiwa miaka 12 tu bungeni maisha yake yote. Mshawishi hana kikomo. Anakumbuka muswada wa mwaka 2003 uliokwama wapi, na kifungu gani kiliwaudhi akina nani. Mbunge mgeni anayetaka kujua kama wazo lake lina mwiba, mara nyingi atamuuliza yeye.

SB 50 ilipita Kamati ya Makazi mwanzoni mwa Aprili 2019 kwa kura 9 kwa 1. Kikwazo cha pili kilikuwa Kamati ya Utawala na Fedha, iliyoongozwa na Seneta Mike McGuire. McGuire alikuwa na muswada wake wa makazi, SB 4, wenye moyo mpole zaidi. Muswada ukipita kwenye kamati ya namna hii ni sawa na lori kwenye mizani ya barabara kuu: linasimama, linapimwa, na mara nyingi linaondoka likiwa limepunguzwa mzigo. Tarehe 24 Aprili wakafikia mwafaka, na vipengele vya SB 4 vikaingizwa kwenye SB 50. Kilicho muhimu ni namba moja tu: kaunti zenye wakazi chini ya 600,000 zikalegezewa masharti kwa kiasi kikubwa.

Ukitazama ramani, jimbo la uchaguzi la McGuire lilianzia Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate, likapanda pwani hadi mpaka wa Oregon. Marin haifiki wakazi 300,000. Sonoma, kwao McGuire, ina karibu 500,000. Marin ni miongoni mwa kaunti tajiri na zenye nyumba ghali kuliko zote Marekani, na iko mlangoni mwa San Francisco. Kama kuna mahali palipohitaji ghorofa chache karibu na usafiri, ni pale. Hakuna aliyevunja sheria yoyote. Mwenyekiti alitumia nafasi aliyonayo, mwenye muswada alihitaji kura, na mstari wa 600,000 ukachorwa.

Wakati huohuo upinzani nje ya bunge ulizidi. Umoja wa miji ya California ulipinga kwa hoja ya mamlaka ya serikali za mitaa. Bodi ya madiwani ya San Francisco ilipinga, halmashauri ya Los Angeles vilevile. AIDS Healthcare Foundation, taasisi tajiri ya huduma za afya yenye makao Los Angeles, ililipia vipeperushi vilivyotumwa majumbani San Francisco vikiufananisha muswada na bomoabomoa ya zamani ya mitaa ya Weusi. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli: katikati ya karne ya 20, eneo la Fillmore la San Francisco lilibomolewa kwa jina la kuboresha mji, na maelfu ya familia za Weusi hazikurudi. Ndiyo maana naona si haki kuwaweka wapangaji wa Los Angeles kapu moja na wenye majumba ya Beverly Hills, ingawa majina yao yalikaa kwenye orodha moja ya wapinzani. Wa kwanza waliogopa kufukuzwa. Wa pili waliogopa majirani wapya. Orodha ya kamati haitofautishi hofu hizo. Inahesabu majina tu.

Ndipo tunafika Kamati ya Matumizi ya Fedha. Kwenye karatasi, kazi yake ni kupima gharama. Muswada wowote utakaoigharimu serikali zaidi ya kiwango fulani huwekwa kwenye jalada la kusubiri, na mara mbili kwa mwaka, Mei na Agosti, jalada zima linafunguliwa kwa mkupuo. Kwa Seneti, kiwango hicho kilikuwa dola 50,000 tu kutoka mfuko mkuu. Bajeti ya jimbo mwaka ule ilizidi dola bilioni 200. Kwa kizingiti kifupi kiasi hicho, karibu kila muswada wenye uzito unaingia kwenye jalada, na ukishaingia, hatima yake inaamuliwa kwa mazungumzo ya faragha kati ya mwenyekiti, uongozi wa Seneti na wasaidizi wao. Siku ya kikao ni siku ya kutangaza. Muswada unaozuiwa hauhitaji sababu, na mwananchi hapati kumbukumbu ya kura ya kumuuliza mbunge wake.

Portantino alikuwa diwani na meya wa La Cañada Flintridge, mji wa nyumba za familia moja chini ya milima, kabla ya kuingia bungeni. Baadaye alieleza kwamba muswada ulihitaji muda zaidi na kwamba ungeweza kuleta madhara yasiyokusudiwa. Namwamini kwamba alimaanisha. Lakini hayo ni masuala ya sera ya ardhi, ambayo kamati mbili zilikuwa zimeshayajadili hadharani kwa saa nyingi na kuyapitisha. Kamati ya gharama iliamua suala ambalo si la gharama, na iliamua bila kusikiliza mtu. Gavana Gavin Newsom, aliyekuwa ameahidi katika kampeni nyumba milioni 3.5 kufikia 2025, alisema amesikitika. Kiongozi wa Seneti, Toni Atkins, alisema hatauvuka uamuzi wa mwenyekiti wake. Kwa siku chache kulikuwa na kelele, kisha bunge likaendelea na mengine.

Kwa nini kiongozi mwenye uwezo wa kuurudisha muswada siku hiyohiyo asifanye hivyo? Mimi nasoma hivi: uamuzi ule uliwafaa maseneta wengi waliokaa kimya. Seneta wa Los Angeles ambaye mafundi ujenzi wanamtaka aseme ndiyo na vyama vya wakazi vinamtaka aseme hapana, hana anachokipenda kuliko muswada usiofika mbele yake. Mwenyekiti wa kamati anabeba lawama kwa niaba ya wenzake, na hiyo ni sehemu ya kazi anayopewa.

Januari 2020 ilithibitisha hilo. Kwa kanuni, muswada wa mwaka wa pili lazima utoke kwenye baraza lake kabla ya Januari kwisha. Atkins aliuhamisha kutoka kamati ya Portantino akaupeleka kwenye Kamati ya Kanuni, aliyoiongoza mwenyewe, na hatimaye ukafika ukumbini. Wiener alikuwa ameongeza kifungu cha kuipa miji miaka miwili ijiandalie mipango yake mbadala. Tarehe 29 Januari kura zikapigwa: ndiyo 18, hapana 15. Seneti ina viti 40, na muswada unahitaji kura 21 bila kujali waliohudhuria ni wangapi. Waliobaki hawakupiga kura kabisa. Katika bunge la California kutopiga kura kuna matokeo yaleyale ya kusema hapana, ila hakumuudhi mtu kwa kiwango kilekile, na ndiyo maana hutumika sana. Maseneta wengi wa kaunti ya Los Angeles hawakuunga mkono. Siku iliyofuata jaribio la kuufufua likashindwa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 2021 ilipita SB 9 ya Atkins, inayoruhusu kugawa kiwanja cha familia moja na kujenga hadi nyumba nne. Mwaka 2022 likatokea jambo lililobadilisha hesabu zote za siasa za ujenzi: vyama vya maseremala viliachana na baraza la mafundi ujenzi. Baraza lilikuwa likidai kila muswada wa nyumba ulazimishe miradi kutumia sehemu kubwa ya wafanyakazi waliohitimu mafunzo ya ufundi yanayotambuliwa na jimbo, ambao wengi ni wanachama wa vyama. Maseremala waliona wanachama hao hawatoshi kwa nyumba zinazohitajika. Wakakubali kiwango cha mshahara kilichowekwa na serikali, wakasimama na mbunge Buffy Wicks kwenye AB 2011, muswada ulioanzia baraza la chini, wa kujenga nyumba kwenye ardhi ya maduka na ofisi. Gavana aliisaini Septemba 2022. Tangu hapo mbunge aliyeogopa kuonekana adui wa wafanyakazi alikuwa na chama cha wafanyakazi cha kusimama nacho. Wicks baadaye akawa mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Fedha katika baraza la chini, dada wa ile iliyoizuia SB 50.

Mwaka 2025 Wiener alirudi na wazo lilelile kwa namba mpya, SB 79. Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi ya Seneti, Aisha Wahab, alipinga. Muswada ukapita kwenye kamati yake bila ridhaa yake. Kamati ya Serikali za Mitaa, mwenyekiti wake Maria Elena Durazo naye alipinga, ukapita tena. Kumshinda mwenyekiti ndani ya kamati yake mwenyewe ni jambo la nadra sana Sacramento, na kutokea mara mbili kwa muswada mmoja ni nadra zaidi. Wajumbe waliokuwa tayari kulifanya 2025 wasingelifanya 2019, kwa sababu 2019 gharama ya kumvuka mwenyekiti ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kuwaudhi wapangaji vijana. Ukumbi wa Seneti uliupitisha tarehe 3 Juni kwa kura 21 kwa 13, yaani idadi ileile inayotakiwa bila kuzidi hata moja.

Hata hivyo ulilipa ushuru njia nzima. Mafundi ujenzi waliacha kuupinga baada ya masharti ya wafanyakazi kuingizwa kwa majengo marefu na kwa ardhi ya mamlaka za usafiri. Watetezi wa wapangaji walipata ulinzi dhidi ya kubomolewa kwa nyumba zenye udhibiti wa kodi ya pango. Halmashauri ya Los Angeles ilipiga kura ya kuupinga, na Meya Karen Bass akamwomba gavana asiusaini. Newsom aliusaini tarehe 10 Oktoba 2025, utekelezaji ukiwekwa kuanza tarehe 1 Julai 2026. Kati ya Januari 2018 na saini hiyo, watoto waliokuwa chekechea walikuwa wameshafika sekondari ya chini, na baadhi ya wazazi wao walikuwa wameshahamia Nevada, Arizona au Texas kutafuta kodi ya nyumba wanayoiweza. Hao hawakuwa na kundi lolote kwenye mstari wa kipaza sauti. Mtu ambaye angeishi kwenye jengo ambalo halijajengwa si mpiga kura wa eneo lile, na hakuna seneta anayehesabu kura yake.

Miongoni mwa mabadiliko ya mwisho kwenye SB 79 lilikuwemo moja la ramani. Sheria itatumika tu kwenye kaunti zenye vituo vya treni za abiria zaidi ya 15. Kaunti hizo ni 8: Los Angeles, San Diego, Orange, Santa Clara, Alameda, Sacramento, San Francisco na San Mateo. Marin na Sonoma, ambazo 2019 zililegezewa masharti kwa kipimo cha idadi ya watu, 2025 zimekaa nje kwa kipimo cha idadi ya vituo. Kiongozi wa Seneti wakati sheria hiyo inapita alikuwa Mike McGuire.